Mjadala: Mnyama jitu muuaji katika filamu ya pesa kidogo, aundwe kwa mikono au kwa kompyuta?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kila inapotoka filamu mpya ya papa jitu, buibui jitu au mamba anayemeza mashua, malalamiko ni yaleyale: mnyama anaelea juu ya picha, hana uzito, na hofu inayeyuka mara tu anapoonekana. Msimamo wangu uko wazi. Mtayarishaji asiye na pesa aitumie kompyuta kufuta waya na fimbo tu. Mnyama mwenyewe aundwe, ashikike, alowe, achafuke.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Kichwa cha sponji kilicho mbele ya kamera kinapigwa na taa ileile inayompiga mwigizaji, na kivuli chake kinaanguka penyewe pale kinapopaswa kuanguka. Sababu ya pili ni mwigizaji: anayebanwa mguu na taya analoweza kulisukuma kwa mikono yake anahangaika kwa namna ambayo anayekodolea macho hewa tupu hawezi kuiga.

Wanaosema kazi ya mikono ni ghali wanafikiria mnyama mzima, na mnyama mzima hahitajiki. Kichwa cha mamba ni takriban sehemu moja ya saba ya urefu wake. Mamba wa mita 7 basi anahitaji kichwa cha mita 1, mguu mmoja wa mbele, na kipande cha mkia cha mita 2 kinachovutwa na watu wawili walio nje ya fremu. Vipande hivyo vitatu vikipigwa picha vizuri, mhariri anamaliza kazi iliyobaki. Anayepinga alete hoja.

Mhuishaji

Mkuu, mimi ninayewatembeza wanyama kwa kompyuta naona umehesabu sponji ukasahau siku za kupiga picha. Kinyago kikikwama, waigizaji, taa na gari la jenereta vyote vinasubiri huku vikilipwa. Mfano unaojulikana na wote ni Jaws ya 1975: papa wa mitambo waliharibika kwenye maji ya chumvi, na ratiba ya siku 55 ikafika siku 159. Hiyo ilikuwa na studio kubwa nyuma yake. Filamu ya pesa kidogo ikichelewa hata siku 5 tu inakufa.

Mnyama wa kompyuta akikosewa anarekebishwa usiku na mtu mmoja, wala hakuna anayesimama juani kumsubiri. Programu ya Blender ni ya bure. Kinachoharibu filamu hizi ni maandalizi duni kwenye eneo la kupigia picha, halafu lawama zinabebeshwa kompyuta. Kwa kila shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) yenye mnyama, haya yafanyike kabla kamera haijasogezwa:

Pima kimo cha kamera kutoka ardhini, urefu wa lenzi kwa milimita, na umbali hadi pale mnyama atakaposimama. Andika. Kisha weka mpira wa kijivu na mwingine unaong'aa kama kioo mahali hapohapo na uvipige picha: wa kijivu unaonyesha mwanga unatoka wapi na kivuli kina ukali gani, wa kioo unaonyesha mazingira yote yatakayoakisiwa kwenye ngozi na macho. Piga pia sekunde 10 za eneo tupu bila waigizaji. Mwisho, weka fimbo yenye alama kwenye kimo halisi cha macho ya mnyama ili waigizaji wote watazame sehemu moja. Dakika chache tu kwa shoti. Timu nyingi haziyafanyi, kisha zinashangaa mnyama anaonekana amebandikwa.

Kosa la pili ni mwendo. Mnyama akirefushwa mara 10, eneo la mifupa na misuli yake linaongezeka mara 100 lakini uzito unaongezeka mara 1,000. Hawezi kurukaruka kama mjusi wa ukutani. Mguu ulioinuliwa mita 2 ukiachwa uanguke unatumia karibu sekunde 0.64, yaani fremu (picha moja moja) 15 kwenye filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Mhuishaji asiyejali anaushusha kwa fremu 5 au 6, na jicho la mtazamaji linamwona kiumbe mdogo hata kama ana ukubwa wa nyumba.

Fundi wa vinyago

Naunga mkono hoja ya mleta mada, ila nimuongezee tahadhari, maana wengi wanaingia kwenye kazi hii na kuharibu pesa wiki ya kwanza.

Kichwa cha mita 1 kitengenezwe kwa sponji ya kiti yenye unene wa sentimita 5, iliyogundishwa tabaka juu ya tabaka. Gundi ya mpira ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka isishike kidole, ndipo zibanwe. Anayebandika ikiwa bado mbichi ataona tabaka zinaachana taya likianza kufanya kazi. Chonga kwa kisu cha umeme cha jikoni, malizia kwa mkasi. Ngozi ni lateksi ya maji (mpira wa asili wa majimaji) iliyopakwa mara nne au tano, na katikati ya tabaka lazwa karatasi laini ya chooni iliyokunjwakunjwa: ikikauka inatoa mikunjo na magamba ambayo brashi haiwezi. Rangi ichanganywe na lateksi yenyewe. Rangi ya ukutani ikipakwa juu ya mpira inapasuka taya linapofunguka mara ya kwanza.

Taya liendeshwe kwa waya za breki za baiskeli zilizo ndani ya mirija yake. Mrija usipinde kwa kona kali. Kila kona inaongeza msuguano, na ukiwa na kona mbili kali taya linafunguka vizuri lakini halirudi. Weka mpira wa kuvuta upande wa kufunga, ili waya ifanye kazi ya kufungua tu.

Sasa jambo linaloua filamu za mamba na papa: sponji ya kiti hunyonya maji. Kichwa chenye ujazo wa lita 60 kikilowa kinaweza kubeba makumi ya kilo za maji, na fundi aliye ndani ya bwawa hawezi kukiinua. Kwa maji tumia sponji yenye vinyweleo vilivyofungwa, ile ya mikeka ya mazoezi na maboya. Hiyo nayo inaelea kupita kiasi, kwa hiyo inahitaji risasi au vyuma vya kuizamisha, vifungwe chini kabisa ya taya. Uzito ukiwekwa juu, mnyama anageuka tumbo juu mbele ya kamera.

Na kwa wanaopenda silikoni: ile inayoganda kwa platini haigandi ikigusa udongo wa kufinyangia wenye salfa, wala ikigusa lateksi. Inabaki inanata milele, kazi yote inatupwa. Tumia udongo usio na salfa, au tengeneza kalibu kwa silikoni inayoganda kwa bati. Jaribu kipande kidogo kwanza, hata kama muuzaji amekuhakikishia.

Mhuishaji

Fundi, umenisaidia kujenga hoja yangu. Hesabu mambo yanayoweza kuharibika katika maelezo yako.

Fundi wa vinyago

Yanaharibika karakana, wiki mbili kabla ya kamera kufika. Ya kwako yanaonekana filamu ikiwa tayari kwenye meza ya uhariri, na waigizaji wameshaondoka. Nieleze maji sasa. Papa wako anapopasua uso wa maji, nani anatengeneza povu?

Mhuishaji

Hapo nakubali. Kuiga maji kwa kompyuta ni kazi nzito kuliko mnyama mwenyewe. Shoti ya kawaida ya sekunde 5 ni fremu 120. Kila fremu ikichukua dakika 10 kurenda, yaani kompyuta kuichora hadi iwe picha kamili, ni saa 20 kwa mashine moja, na hapo maji hayamo. Ukiweka povu na matone, muda unaweza kuzidi mara kadhaa. Ushauri wangu ni kupiga picha maji ya kweli: tupeni pipa lililojaa maji au mvute ubao chini ya uso wa bwawa, halafu mnyama wa kompyuta awekwe ndani ya mrusho huo. Kompyuta isilazimishwe kutengeneza kitu ambacho ndoo inaweza kukitoa.

Mpiga picha

Mnabishana juu ya njia mbili wakati ipo ya tatu, ya zamani na ya bei nafuu: mazingira madogo. Mnyama wa ukubwa wa paka ndani ya mtaa wa maboksi.

Kanuni yake ni moja na haina huruma. Kasi ya kamera ni 24 mara kipeuo cha pili cha kipimo. Kipimo kikiwa 1 kwa 16, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 16, kipeuo ni 4, unapiga fremu 96 kwa sekunde. Hapo vitu vinavyoanguka vinaonekana vizito. Kamera iwe kwenye kimo cha macho ya binadamu wa kipimo hicho: mita 1.6 gawanya kwa 16, sentimita 10 kutoka mezani. Ukiipandisha juu, kila mtu anaona meza.

Shida inayofuata ni mwanga. Fremu 96 zinakula mwanga mara 4. Ili mbele na nyuma vyote viwe vikali kama mandhari ya kweli, unabana tundu la lenzi kutoka f/4 (tundu pana) hadi f/16 (tundu dogo), hapo unapoteza mara 16 nyingine. Jumla ni mara 64. Wengi wanashindwa hapa: wanafungua lenzi ili picha isiwe giza, nyuma panakuwa na ukungu, na ukungu huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba anaangalia mdoli. Taa za LED za bei ya chini zinapepesa kwenye kasi hiyo. Jicho halioni, kamera inaona. Pigeni jaribio la sekunde chache na mlitazame kwenye skrini kubwa kabla ya kujenga seti.

Maji na moto msiviguse kwenye kipimo kidogo. Tone la maji halipungui ukubwa kwa sababu seti imepungua. Chini ya 1 kwa 4 bahari inageuka beseni.

Mchangiaji mwingine

Mpiga picha, kwa nini basi tusiweke mnyama hai kwenye seti hiyo? Tarantula ya 1955 ilitumia buibui wa kweli aliyesukumwa kwa pumzi za hewa, na bado anatisha. Mwendo wa kiumbe hai hauigizwi.

Mtetezi wa wanyama

Napinga kabisa. Mjusi hajidhibiti joto la mwili. Taa zile mara 64 alizozitaja mpiga picha zinageuza seti kuwa tanuri; ukizizima anapoa na hasogei. Buibui tarantula akianguka kutoka kimo cha meza tumbo linaweza kupasuka, na wale wa Amerika hurusha vinyweleo vinavyowasha macho na mapafu ya wanaomshika.

Hata kisanii haina faida ya uhakika. The Killer Shrews ya 1959 iliwavisha mbwa manyoya na meno wawe panya-jitu, na kila mtazamaji anaona mbwa wenye furaha wakikimbia. Night of the Lepus ya 1972 iliweka sungura wa kweli kwenye mazingira madogo na kuwapunguza mwendo. Sungura akipunguzwa mwendo bado ni sungura. Mnyama hai hajui kwamba anapaswa kutisha.

Mleta mada

Hoja ya mtetezi naipokea yote. Ya mhuishaji naipokea nusu. Nimekubali vipimo vya eneo na mipira miwili vifanywe hata na sisi wa vinyago, kwa sababu fimbo na waya zitafutwa kwa kompyuta na anayefuta anazihitaji taarifa hizo.

Ila sikubali kwamba kompyuta ifanye kazi ya mguso. Mgawanyo wangu ni huu: mnyama akiwa mbali na hagusi kitu, kompyuta ichukue. Akigusa mtu, tope, maji au mlango, lazima pawe na kitu cha kushikika, hata kama ni ukucha mmoja juu ya fimbo. Gojira (Godzilla) ya 1954 ilifanya hivyo bila kompyuta: vazi la kwanza la mnyama, la kuvaliwa na mwigizaji, lilikuwa zito mno, likakatwa vipande viwili na nusu ya chini ikatumika kwenye shoti za miguu inayokanyaga. Kilichoshindikana kama mnyama mzima kikawa mguu mzuri.

Mhuishaji

Mgawanyo huo naweza kuufanyia kazi, kwa sharti moja: ukucha huo uchorwe kwenye orodha ya shoti kabla ya kujengwa, nami nipewe picha zake kutoka pande zote ili rangi ya ngozi ilingane. Vinyago vinavyopakwa rangi upya asubuhi ya kupiga picha vinaharibu kazi ya wiki nzima.

Mchangiaji mwingine

Swali kwa fundi: damu ndani ya maji mnaifanyaje? Ya sharubati inazama.

Fundi wa vinyago

Inazama kwa sababu ni nzito kuliko maji. Sharubati ibaki nchi kavu. Kwa bwawa changanya rangi ya chakula na maji yenye uvuguvugu kuliko ya bwawa, ili ipande na kutawanyika, uipitishe kwa mrija mwembamba na bomba la sindano mpaka kwenye mkono wa mwigizaji. Pigeni karibu na uso wa maji na taa ziwe karibu, kwa kuwa nyekundu hupotea upesi kina kikiongezeka na damu inaonekana nyeusi. Pampu ya kusafisha izimwe mapema, la sivyo mkondo utaivuta damu upande mmoja. Na shoti hiyo iwe ya mwisho siku hiyo, kwa sababu maji yakishabadilika rangi hakuna kurudia.