RAM 4 tu, nataka kuanza kutengeneza biti nyumbani, nianzie wapi?

Kijana_Arua
Habari zenu wakubwa. Mimi niko Arua, napiga adungu, kile kinubi chetu cha nyuzi, kanisani tangu nikiwa mtoto na sasa nataka nirekodi na kutengeneza biti mwenyewe hapa nyumbani maana kukimbilia studio kila wiki mfuko umechoka. Nina laptopu ya mitumba, RAM giga 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, hedifoni za simu, basi. Sasa juzi nilikuwa Kampala nikaingia duka moja nikauziwa flashi eti imejaa programu na sampuli (sauti za vyombo zilizorekodiwa tayari) "za maprodyuza wakubwa", elfu hamsini ikatoka hivyo. Kufika nyumbani nusu ya mafaili hayafunguki, antivirusi inapiga kelele kama kuku aliyeona mwewe, halafu kuna piano moja tamu kweli imekubali lakini inacheza robo saa tu inanyamaza. Nafunga nafungua, robo saa, kimya. Je laptopu ndio imechoka? Na mtu anaanza na programu gani, na sampuli safi anapata wapi bila kumaliza bando? Na adungu je, kuna mtu anazo sampuli zake au nikae na piano tu?

Fundi_Spika
Pole sana dogo, hiyo hela umeshaila. Laptopu haina kosa. Hiyo piano imetengenezwa kwa Kontakt, programu ya kuchezea sampuli, ile kamili ya kulipia na wewe nadhani umeifungulia kwenye Kontakt Player ya bure, sasa sampuli ambazo hazina leseni ya Player zinakwenda kama demo, dakika 15 zinakatika, ndivyo ilivyopangwa. Kwa hiyo siku nyingine kabla hujashusha kitu cha giga 8 angalia kwanza kama wameandika kinakubali Player. Na hiyo flashi ifute yote, usione huruma, programu za kreki ndiko virusi wanakolala.

Programu ya kutengenezea muziki mimi nakushauri FL Studio. Biti unaipanga kwa macho unaiona, na ukinunua mara moja matoleo mapya yanakuja bure maisha yako yote. Jaribio lao lina kila kitu isipokuwa kazi uliyoseva huwezi kuifungua tena mpaka ulipie, ukilipa zote zinafunguka. Nilikaa na hilo jaribio miezi, kila biti namaliza siku hiyohiyo natoa faili la sauti la WAV, umeme ukikatika nimeumia 😂

DadaMaiki
@Fundi_Spika mzee heshima yako lakini huyu kijana ni mpigaji, anataka kurekodi chombo na sauti, na ile FL ya bei ya chini kabisa, Fruity, haikuruhusu kurekodi sauti, ni mpaka toleo la Producer na kuendelea. Mbona hukumwambia? Mimi ningempa Reaper, nayo ni programu ya kurekodi na kupanga muziki. Faili la kuinstoli ni dogo hata bando la siku linatosha, unapewa siku 60 za kujaribu na hawajafunga kitu chochote, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, yaani laki mbili na kitu. Kwa RAM 4 inatembea vizuri. Ubaya wake inakuja tupu, vyombo vya kupigia karibu hamna, na sura yake ukiifungua siku ya kwanza unaweza kulia.

Sampuli za bure, kampuni ya Spitfire wana LABS, mkusanyo wao wa vyombo, unachagua kifurushi kimojakimoja unashusha unachotaka. Usijaze ishirini ukidhani utazitumia, chukua piano moja, nyuzi moja, ngoma moja, mwezi mzima ushinde na hizo. Na zile lupu (vipande vya muziki vya kurudiarudia) za bure usiziweke uchi kama zilivyo, watu elfu wengine wanayo hiyohiyo na siku moja YouTube inakuletea dai la mtu usiyemjua. Ikate, igeuze, ipige nyuma mbele.

Fundi_Spika
Kweli kwenye Fruity nimepitiwa. Reaper sawa, kwa kurekodi nimekubali.

Mzee_wa_Amadinda
Nimechelewa, sisi huku umeme umerudi sasa hivi. Kijana unauliza sampuli za adungu na adungu unayo mapajani? Rekodi mwenyewe. Subiri usiku watu wamelala na jenereta la jirani limezimwa, tundika blanketi nyuma yako, piga uzi mmoja, acha mpaka sauti iishe yenyewe, usiuguse. Kila uzi mara tatu, taratibu, kawaida, kwa nguvu. Nyuzi 9 mara 3 ni mafaili 27, kila moja sekunde 5, mono (chaneli moja), ubora wa bit 24 na kHz 44.1: mzigo wote haufiki megabaiti 20. Linganisha na giga zako za dukani.

Kisha kwenye Reaper kuna kichezesha sampuli kinaitwa ReaSamplOmatic5000, kinakuja nayo bure. Unafungua kopi zake kadhaa, unaweka faili moja kwa kila kopi, unaipa noti yake moja, na modi unaiacha ile isiyojali noti ya MIDI (yaani kitufe gani umebonyeza) ili isikuvute sauti juu au chini. Hapo ndipo watu wanapokosea. Mimi niliweka amadinda yangu, ile marimba ya mbao ya Buganda, ina vibao 12, nikaacha kompyuta inyooshe kibao kimoja kiwe vyote, ikatoka piano iliyovaa kanzu. Kinanda kimekata okteva (toka do mpaka do ya juu) vipande 12 vya senti 100, senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti, amadinda inakata vitano vinavyokaribiana kulingana, kama senti 240 hivi kila hatua, kwa hiyo sauti zake nyingi zinaangukia katikati ya vitufe. Adungu yako ya kanisani kama mmeitunia do re mi utapata unafuu, lakini hata hivyo usiinyooshe, uzi uliolegea kidogo ndio ladha yenyewe.

Kijana_Arua
Wakubwa asanteni, flashi nimefuta. Reaper nimeweka. Tatizo sasa nikibonyeza kitufe sauti inakuja baadaye kama mtu wa ng'ambo kwenye simu??

DadaMaiki
Weka ASIO4ALL, ni draiva ya sauti ya bure, uichague kwenye mipangilio ya sauti halafu shusha bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inakusanya kabla ya kulitoa. Bafa ya 1024 kwa kHz 44.1 inachelewesha kama milisekunde 23 na njiani kunaongezeka kuchelewa kwingine, 256 ni kama 6. Ukisikia inakwaruza panda 512. Wakati wa kupiga shusha, wakati wa kumiksi pandisha.

Kijana_Arua
512 imekubali! Jana usiku nimerekodi nyuzi zote tisa. Uzi wa sita ule wa nguvu jogoo wa mama amewika ndani yake, nimejaribu kukata haitoki, leo narudia, ila yule jogoo nimemhifadhi peke yake kwenye noti ya juu kabisa.

Mzee_wa_Amadinda
Huyo usimfute.