Tupeane uzoefu: Komedi za Brazil za bajeti ndogo zilizogeuza filamu kubwa za Hollywood kuwa utani

Wakuu salaam. Naanza mimi. Nilisoma Rio na mama mwenye nyumba alikuwa bibi mtu mzima, Jumapili tukishakula mchana lazima aweke filamu ya zamani ya Atlântida, studio ya filamu ya hukohuko Brazil. Ya kwanza aliniwekea Matar ou Correr ya 1954, Kireno bado hakijapanda, naona bibi anacheka mpaka anafuta machozi mi nimekaa tu. Akaisimamisha akanieleza, kuna western ya Marekani ya Gary Cooper ambayo Brazil waliipa jina la "Kuua au Kufa", basi Carlos Manga akatengeneza ya kwake akaiita "Kuua au Kukimbia". Mchekeshaji Oscarito anacheza tapeli anayejikuta kapewa usherifu, na mwenzie Grande Otelo anaitwa Ciscocada, yaani Cisco Kid, yule cowboy wa filamu za Marekani, halafu cocada, na cocada ndo kashata ya nazi jamani. Cowboy anaitwa kashata! Hapo nikashikwa, kila Jumapili nikawa wa kwanza kukaa. Haya na wengine mleteni, mlianzia ipi?

Mtoto wa Likoni
Mie ni Bacalhau ya 1976, ya Adriano Stuart. Wakati dunia nzima inaogopa papa wa Spielberg kwenye Jaws, hawa wakaleta bacalhau, yule samaki Wareno wanamkausha kwa chumvi. Babangu mvuvi, nilimuonyesha kwa simu nikamwambia baba hapa ng'onda ndo anakula watu ufukweni, alicheka mpaka akakohoa. Samaki waona kabisa ameundwa kwa mkono, na hapo ndo utamu ulipo, hawakuficha kwamba pesa haikuwepo. Tena mtaalamu wa kumwinda ni Mreno, Wabrazil na Wareno wana utani wao wa zamani kama wetu wa makabila.

Bukavu_SP
Miye natoka Bukavu, siku hizi niko São Paulo, nafanya kazi karibu na stesheni ya Luz. Hapo kuna Rua do Triunfo, mtaa watu waliita Boca do Lixo, mdomo wa takataka, na miaka ya 70 ulikuwa umejaa maofisi ya filamu za bei chini. Mzee mmoja tunakunywa naye kahawa alinieleza sababu ni treni, makopo ya filamu yanabebwa kwa miguu mpaka stesheni, yanapelekwa miji ya ndani. Yeye alikuwa anabeba. Anaonyesha mlango kwa mlango, hapa palikuwa fulani, pale fulani, leo mengi imefungwa. Nilisikia uchungu sana siku ile, filamu zilichekesha nchi nzima na ukutani hamna hata kibao.

Dada wa Ilala
Mnamsahau Mussum, yule mchekeshaji wa kundi la Os Trapalhões!! Os Trapalhões na Guerra dos Planetas, 1978, Stuart huyohuyo, mwaka mmoja tu baada ya Star Wars. Walirekodi kwa video ndo wakahamishia kwenye filamu so picha ina ukungu flani, ila wanangu hawajali, wao wanamsubiri Mussum. Jamaa alikuwa mwanasamba kabla, wa kundi la Os Originais do Samba, na maneno anayamalizia na "is", cacildis, forévis, sasa nyumbani kwangu ni majis na ugalis kutwa nzima 😂 Ila Kireno hatujui, tunakisia tu. Hakuna mtu anaweza kututafsiria kama wale madj wetu wa muvi za kutafsiri?

Mleta mada
Dada, Jumamosi saa tatu usiku naleta kipande cha kwanza cha Ciscocada kwa sauti yangu, dakika kumi hivi. Bukavu_SP muulize mzee kama yuko tayari tumrekodi, hata kwa simu tu, akitembea mlango kwa mlango hivyohivyo.