Tupeane uzoefu: joto la ekzosi kwenye Datsun 240Z

Msafiri_Tanga: Wakuu, jana Mwenge nimekuta 240Z nyekundu imekufa kwenye foleni, mwenyewe anamwagia kabureta maji ya chupa. Roho iliniuma. Gari iliyochukua Safari Rally 1971, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, leo inashindwa na foleni! Ndiyo hiyo injini yake ya L24: manifodi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini) na kabureta zote upande mmoja, kabureta juu, moto chini. Ukizima, feni inasimama, joto linapanda, petroli inachemkia ndani ya kabureta. Wenye hizi gari mnaishije nazo?

BintiKiponda: Yangu hivyo hivyo. Ikizimwa ya moto haiwaki mpaka ipoe.

FundiRamso: Anza na taimingi (wakati wa cheche kuruka) na mseto wa petroli na hewa. Cheche ikichelewa, mafuta yanamalizia kuungua kwenye ekzosi. Nimeshaona manifodi inawaka nyekundu usiku kwa distributa (kigawa cheche) mbovu tu. Halafu tazameni kile kibati cha kukinga joto chini ya kabureta. Mafundi wakikitoa hawakirudishi.

Kijana_Nyali: Funga bomba kitambaa cha fibaglasi, habari imeisha.

BintiKiponda: Kwa chumvi ya pwani? Kitambaa kinashika unyevu, chuma kinaliwa na kutu huku hukioni. Bora bomba lipakwe seramiki.

Kijana_Nyali: Dada, seramiki ya maana inachomwa kwenye tanuri. Wengi wanapaka rangi ya kopo wanaiita seramiki. Kitambaa changu kina miaka na hakijanisumbua.

BintiKiponda: Umewahi kukifungua ukaona ndani?

MzeeIlula: Wanangu, kuhusu kitambaa nisikilizeni. Nilikuwa napanda mlima Kitonga na mwanangu, jua kali, malori mbele yanajikokota, mimi gia ya kwanza na ya pili tu. Gasketi ya kava ya vali ilikuwa imebadilishwa siku chache nyuma kwenye gereji moja, wakaibana upande. Oili ikachuruzika kwenye kitambaa cha ekzosi, nacho kikaifyonza kama utambi. Nikasikia harufu, mara moshi unaingia kwenye matundu ya dashibodi. Nikaegesha ukingoni, nikazima, mtoto nikamtoa upande wa mlimani. Utingo wa lori akaja mbio anataka kuinua boneti. Nikamshika mkono kwa nguvu. Ukiinua, moto unapata hewa, na petroli ipo pale pale juu yake! Boneti ya 240Z inafungukia upande wa kioo, basi nikaiachia kidogo tu, nikapuliza unga wa mtungi wa kuzimia moto kwenye upenyo huo mpaka mtungi ukaisha. Ukazimika. Ukawaka tena. Utingo akaleta mtungi wa lori lao ndipo ukafa kabisa. Nyaya za upande ule ziliyeyuka zote, rangi ya boneti ikababuka. Mwanangu hakusema neno mpaka tunafika Ilula.

BintiKiponda: Shikamoo mzee, pole sana. Na huyo utingo Mungu ambariki.

Kijana_Nyali: Pole mzee wangu. Mtungi wako ulikuwa kilo ngapi?

MzeeIlula: Marahaba. Kilo moja. Haitoshi, chukueni mkubwa. Na kitambaa kikilowa oili kitupeni, hakisafishiki.

Msafiri_Tanga: Mimi nanunua leo leo. Turudi kwenye foleni: kuna aliyeinua nyuma ya boneti kwa kuweka washa (vipete vya chuma) ili joto litoke?

FundiRamso: Ukiwa umesimama inasaidia. Ukikimbia, hewa ya mbele ya kioo ina mgandamizo, inasukumwa ndani badala ya kutoka.

Zed_Moshi: Yangu imeinuliwa na iko safi. Babu yangu alikuwa anabana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli, jaribuni na hiyo.

FundiRamso: Vibanio havina madhara, lakini anayetaka kupona aweke spesa (vipande vya kutenganisha) nene za kuzuia joto kati ya kabureta na manifodi ya hewa, na bomba la petroli alihamishe mbali na ekzosi. Hata maji ya moto yanayopita kwenye hiyo manifodi ya hewa (inayoingiza hewa na petroli kwenye injini), kwa joto letu yazibeni, ile ni kwa nchi za baridi.

BintiKiponda: Nikiweka spesa nene, stadi (boliti zinazoshika kabureta) za zamani zinafika?

FundiRamso: Hazifiki, tafuta ndefu kwanza. Na angalia kibati kisigusane na fito za akselereta.