Mtutu mpya wa .22: je, usafishwe baada ya kila risasi?

Mkazi wa Entebbe

Ndugu zangu, salamu. Baada ya kusubiri kibali kwa muda mrefu, hatimaye nimeipata bunduki yangu ya kulengea shabaha, ya bolti (komeo la chuma linalovutwa kwa mkono), inayotumia risasi za .22 Long Rifle. Rafiki yangu ananishauri nipige risasi moja kisha nisafishe, na nirudie hivyo mara 10, ndipo niendelee kwa tano tano hadi zifike 50, ili mtutu uzoee. Je, utaratibu huo unaifaa bunduki ndogo kama hii? Ninakaa karibu na ziwa, na kutu ya huku haina simile.

Fundi wa Jinja

Hongera, ndugu. Utaratibu huo upo, lakini ni wa bunduki kubwa, ambazo kichwa cha risasi huvikwa shaba na kupita kwa kasi kubwa, hata mikwaruzo midogo iliyoachwa na mashine za kiwandani ikaiparua shaba hiyo na kubaki nayo. Kichwa cha .22 kwa kawaida ni madini laini ya risasi, uzito wake kama gramu 2.6, nacho hupakwa nta au grisi. Hakina ugumu wa kulainisha chuma. Kinachotokea ni kwamba nta hiyo hujipaka ndani ya mtutu kidogo kidogo, na mtutu uliokwisha kupakwa ndio hupiga kwa usawa. Ukisafisha baada ya kila risasi, unaiondoa nta hiyo kabla haijakaa.

Safisha mara moja tu kabla ya kuanza, kwa sababu mtutu hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu. Hakikisha chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ni tupu, toa bolti, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi, na baada yake vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Tumia ufito wa kipande kimoja uliofunikwa plastiki, uuingize kwa upande wa chemba, na kitambaa kikishatokea mdomoni kiondoe kabla ya kuurudisha ufito.

Hili la upande nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Kwa miaka miwili nilisafisha bunduki yangu ya kwanza kupitia mdomoni, kwa ufito wa chuma wa kuunganisha vipande, hadi risasi zikaanza kutawanyika bila sababu niliyoijua. Nilipoumulika mdomo wa mtutu kwa tochi, niliona ukingo wa ndani umelika upande mmoja na unang'aa kama kijiko kilichochakaa. Ilinibidi mtutu ukatwe na mdomo uchongwe upya.

Mama Shabaha, Mbarara

Naafikiana na Fundi. Niongeze kwamba mbele kidogo ya chemba hujijenga pete ngumu ya masizi, ambayo utaitambua pale kitambaa kinapokwama kidogo kabla ya kuteleza. Hapo paloweshe kwa kiyeyushi dakika chache, upitishe brashi ya nailoni, kisha ukaushe vizuri.

Kuhusu kutu, fataki za zamani (kemikali inayowasha baruti ndani ya risasi) ziliacha chumvi iliyokula mtutu, lakini za siku hizi haziachi. Adui wako huko Entebbe ni unyevu na jasho la mikono. Futa chuma cha nje kwa kitambaa chenye mafuta kila unapoishika, na usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwa maana ngozi hunyonya unyevu. Ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani madini ya risasi ni sumu.

Mkazi wa Entebbe

Ahsanteni sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Kitambaa cha kwanza kilitoka na mafuta mazito ya rangi ya kahawia, na cha sita kikatoka cheupe. Uwanjani, kwa mita 50, risasi 10 za mwanzo zilitawanyika, lakini baada ya ile ya 20 hivi zilianza kukusanyika, na tano za mwisho zimefunikwa na sarafu ya shilingi 500. Je, ndani ya mtutu niache mafuta?

Fundi wa Jinja

Ikiwa utarudi uwanjani wiki hiyo hiyo, uache ulivyo. Ikiwa itakaa kabatini msimu mzima wa mvua, pitisha kitambaa chenye tone moja la mafuta, na kabla ya kupiga tena pitisha kikavu.