Tupeane uzoefu: giaboksi ya automatiki kuzingua kwenye gari ya familia ya mtumba

MamaPendo
Wakuu heshima kwenu, poleni na majukumu. Nina gari ya viti saba, automatiki, niliinunua mkononi kwa mtu hapa Dar. Ndiyo ya kupeleka watoto shule, ndiyo ya kanisani, ndiyo ya misibani. Sasa imeanza vituko. Asubuhi nikiweka D (ya kwenda mbele) inakaa kwanza, halafu inaingia kwa kishindo mpaka waliokaa nyuma wanashika viti. Ikishapata moto, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda, mwendo hauongezeki.

Fundi kaizungusha mtaa mmoja, karudi na jibu: "Giaboksi imekufa mama, tafuta nyingine." Boneti hajafungua. Hela anayoitaja ni ada ya watoto wote na chenji hairudi.

Mliopitia haya, hasa kwenye gari za familia, leteni visa vyenu: ilianzaje, kumbe ilikuwa nini, na ilitengenezwaje. Wauza giaboksi msinifuate PM.

MzeeWaKitonga
Pole sana mama. Yangu ilinikatikia Kitonga, Desemba, tunakwenda Njombe kula sikukuu. Noah ya kizamani, watu wamejaa na mizigo juu. Tumeanza kupanda vizuri, kufika kona za katikati RPM inakwenda elfu nne na gari inajikokota. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, mama watoto akasema simamisha. Nikasimamisha, na ikawa ndiyo basi. D hakuna, L (gia ya chini) hakuna, R (ya kurudi nyuma) hakuna.

Kulikuwa na dereva wa lori amepaki kando anapoza breki. Alikuja, wala hakuuliza habari ya giaboksi. Alisubiri rejeta ipoe, akafungua mfuniko, akachovya kidole. Kilitoka na uji wa rangi ya waridi, mzito, unanata. Akachomoa stiki ya oili ya gia, uji uleule. Akaniambia, "Mzee, hapa rejeta ndiyo iliyoua."

Kwa wasiojua: kwenye gari nyingi za automatiki oili ya gia inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya maji. Kuna kachumba kake, inaingia kwa bomba moja na kutoka kwa lingine. Ukuta wa hako kachumba ukioza kwa kutu, hasa ukizoea kujazia maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), maji na oili vinaonana. Klachi za ndani ya automatiki zimegandishwa kwa gundi, na maji yakiifikia ile gundi zinabanduka. Hakuna oili ya kuongeza itakayokuokoa hapo.

Vijana walikuja na kamba wakataka kunivuta mpaka Ilula. Yule dereva akakataa katakata. Pampu inayosukuma oili ndani ya automatiki inazungushwa na injini, kwa hiyo ukivuta gari imezimwa huku tairi za kuendesha ziko chini, vyuma vinasagana vikavu. Nikaita lori la kubebea, gari ikapanda mgongoni. Ya kuendesha tairi zote nne ndiyo kabisa, isiguse lami.

Iringa wakaifumua yote: klachi pleti mpya, sili zote, konveta (kile kiungo kati ya injini na giaboksi) ikaoshwa, rejeta mpya. Nikawaambia wanifungie na kipoozeo cha oili cha peke yake mbele ya rejeta, kile kachumba kisitumike tena. Imepanda Kitonga hiyohiyo mara nyingi tu baada ya hapo.

Ndezi
Yaani rejeta ikala giaboksi. Aisee.

MwlTabora
Kisa changu ni kifupi na kitachekesha. Nimepaki shuleni, jioni nataka kuondoka, mkono wa gia umegoma kutoka P (ya kupaki). Nakanyaga breki, navuta, hamna. Fundi wa kwanza akapiga magoti, akachungulia chini, akasema giaboksi ishushwe.

Mlinzi wa shule ndiye aliyegundua. "Mwalimu, mbona ukikanyaga breki taa za nyuma haziwaki?" Kumbe kuna swichi ndogo juu ya pedeli ya breki. Ndiyo inayowasha zile taa, na ndiyo inayoiambia gari kwamba breki imekanyagwa, sasa mkono wa gia uachiwe. Ikifa, gari inajifunga P. Pembeni ya mkono wa gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Ukikibandua na kupenyeza ncha ya funguo unabonyeza kwa chini huku umeshika breki, mkono unaachia. Nikaendesha nyumbani, kesho yake nikanunua swichi kwa hela isiyofika elfu ishirini.

SwahibaMvita
Asalaam aleikum jamaa. Mie niko Mombasa. Huku Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo twapata ya karibuni, na ya karibuni mengi ni CVT. Hapo ndipo pana kazi.

Langu nililinunua kwa ajili ya mke na watoto, latembea kama hariri. Nikalipeleka kubadilishwa oili mahali pazuri tu, pana sakafu ya vigae na chai wakupa. Kijana akamwaga ya zamani, akatia ATF nyekundu ya kawaida, oili ya automatiki za gia, akasema hii yaingia kwa gari zote. Hazikupita siku nyingi, likitoka kwenye taa latetemeka mwili mzima, ukikanyaga mafuta lavuma bila kwenda.

Sikizeni. CVT haina gia za meno zikibadilishana. Ina mkanda wa chuma baina ya puli mbili, na puli zapanuka na kubana ndio mwendo wabadilika. Oili yake yatakiwa ilainishe na papo hapo iwache mkanda ushike usiteleze. ATF ya kawaida haikuundwa kwa kazi hiyo. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana CVT Fluid TC na FE, Honda wana HMMF, na hata hizo haziingiliani ovyo. Fungua kijitabu cha gari ama soma kwenye stiki, jina limeandikwa.

Mie niliwahi. Fundi mwengine alimwaga, akatia ya sawa, nikatembea kidogo, akamwaga tena akatia tena ili ile mbovu ipungue. Kutetemeka kukaisha. Jirani yangu yeye aliendelea kuendesha vivyo hivyo mpaka mkanda ukachuna puli, na puli ikishachunwa hakuna oili ya kukusaidia.

Na wale wasemao oili ya CVT haibadilishwi maisha yote ya gari, waulizeni maisha ya gari ni miaka mingapi kwa jua hili na foleni hizi.

Gereji_Kinondoni
Mimi ni fundi, acha nizungumze kidogo. MamaPendo, mtu asikushushie giaboksi kabla hajaangalia vitu ambavyo havihitaji kushusha chochote.

Oili kwanza. Kama gari yako ina stiki ya gia, ipimwe ikiwa ya moto, injini inawaka, mkono wa gia umepitishwa P mpaka L taratibu na kurudishwa P. Usome alama ya HOT. Honda nyingi ni kinyume, unazima injini kwanza, unapima palepale. Zisizo na stiki kabisa zinapimwa kwa kufungua bolti ya chini kwenye joto maalumu, nyingi za Toyota zinazotumia oili ya WS ni kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo anayekujazia kwa kukadiria anakuchezea. Oili ikipungua, hizo dalili zako zote mbili zinatokea: asubuhi inachelewa kushika, ikipata moto inateleza.

Halafu uidondoshe kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia hafifu, tumshukuru Mungu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimeanza kuliwa.

Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, uwepo mwenyewe. Mle chini kuna sumaku ndogo za duara. Zikiwa zimevaa tope laini la kijivu, linalofutika kwa kidole likabaki jeusi kwenye ngozi, hiyo ni kawaida kwa gari iliyotembea. Ukiona vipande vinavyong'aa, vyenye kona, vinavyochoma kidole, hapo fundi wako alisema kweli. Mimi mteja asipokuwepo nampigia picha zile sumaku kabla sijazifuta.

Kisha umeme. Taa ya O/D OFF (ya kuzima gia ya juu) kwenye dashibodi ikianza kupepesa yenyewe kwenye Toyota, kuna kosa limehifadhiwa. Ipimwe kwa mashine. Mashine inatoa namba za makosa. P0700 peke yake haina maana kubwa, inasema tu kuna tatizo upande wa gia, lazima usome na zile zinazofuatana nayo. P0750 inakupeleka kwenye solenoidi (vali ya umeme) ya kubadilishia gia, P0741 kwenye klachi ya ndani ya konveta. Mvua za masika naletewa gari zilizopita kwenye maji ya Jangwani, zimeng'ang'ania gia moja haziondoki hapo. Nyingine nafungua soketi ya waya za giaboksi, ndani kuna kutu ya kijani. Nasafisha, nakausha, mtu anaondoka. Nyingine maji yameingia giaboksi yenyewe kupitia tundu la kupumulia, hizo ni habari za MzeeWaKitonga.

Na kile kishindo ukiweka D, angalia maunti za injini. Mpira ukikatika, injini inaruka na wewe unasikia giaboksi imepiga.

Ndezi
Fundi hapo kwenye oili sikubaliani. Giaboksi ya zamani ambayo haijawahi kubadilishwa oili ukiibadilisha inakufa. Shemeji yangu alibadilisha, wiki hiyohiyo ikagoma. Iacheni na uchafu wake.

Gereji_Kinondoni
Ndezi, shemeji yako alibadilisha kwa sababu gani? Ninavyowajua wateja, ilishaanza kuteleza ndipo akakumbuka oili. Ilikuwa inakufa tayari, oili mpya ikaja kuhudhuria mazishi.

Nakupa haki yako kwenye jambo moja. Mashine za kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi iliyochoka mimi siweki. Zinatibua uchafu uliotulia, unakwenda kuziba vijitundu vya vali bodi, kile kiungo kinachogawa oili ya kubadilishia gia. Namwaga kwa bolti ya chini tu, inatoka theluthi au nusu maana nyingine inabaki kwenye konveta, narudishia kiasi kilekile kilichotoka, baada ya muda narudia. Chujio nabadilisha ikiwa sampu imefunguliwa.

Ndezi
Sawa fundi. Ila yangu siigusi 😂

BintiMsambaa
Sisi tulifika mpaka kununua nyingine, ya mtumba kutoka Japani, pale Ilala. Naandika kwa wale ambao sumaku zimeleta vile vipande.

Kwanza namba. Kwenye boneti au nguzo ya mlango kuna kibati, karibu na neno TRANS/AXLE kuna herufi na namba za aina ya giaboksi. Gari mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti, maana hii inaendesha tairi mbili na ile nne, au injini zimetofautiana. Muuzaji alituambia "hii ni yenyewe, nimeziuza nyingi." Mume wangu akapiga picha kibati, akalinganisha herufi kwa herufi, haikuwa yenyewe. Ya tatu ndiyo iliyolingana.

Pili, garantii. Wengi wanakupa ya kuwasha tu, yaani ikiingia D na R mbele yao, biashara imeisha. Sisi tuling'ang'ania siku za kuiendesha, ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya giaboksi. Ile karatasi ilituokoa. Ya kwanza tuliyofunga R ilikuwa inapotea ikipata moto, wakanuna, wakabadilisha.

Tatu, na hili fundi wetu ndiye aliyelisisitiza: mabomba ya kipoozeo yasafishwe kabla ya kufunga giaboksi nyingine. Chenga za giaboksi iliyokufa zinabaki mle, unawasha, zinaingia kwenye hii uliyoilipia. Na konveta iingie yote mpaka mwisho ndipo giaboksi isogezwe kwenye injini. Anayelazimisha kwa kukaza bolti anavunja pampu, halafu lawama zinamrudia muuzaji.

Mnunuzi_Mtarajiwa
Kumbe. Mimi niko sokoni natafuta, hapo mnanitisha.

MzeeWaKitonga
Usitishike. Hapa kwetu zinaingia za miaka mingi, unalipa tu ushuru wa uchakavu, kwa hiyo historia ya oili hakuna anayeijua. Ukienda kuona gari, fika asubuhi kabla ya miadi, shika boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini kaiwasha. Giaboksi yenye ugonjwa wa baridi huwa inafichwa kwa njia hiyo. Halafu iendeshe mpaka ipate moto kwelikweli, tafuta mlima, isimamishe katikati, ondoka tena. Weka na R kwenye mwinuko. Anayekataa usiende mlimani, mwachie gari yake.

MamaPendo
Nashukuruni mno. Nimeihamisha kwa fundi mwingine. Stiki ilitoka karibu kavu, alama ya chini hata haikufikia. Oili inavujia kwenye sili ya ekseli upande wa kulia, chini ya gari pamelowa. Amejazia ya aina iliyoandikwa kwenye stiki, kile kishindo cha asubuhi kimeisha. Pili kwenda tatu bado inateleza kidogo ikiwa ya moto sana. Sumaku nimeziona kwa macho yangu, tope la kijivu, vipande hamna. Sili inafungwa Jumamosi, kisha ndipo tupime na mashine.

Gereji_Kinondoni
Vizuri dada. Huko kuteleza kulikobaki, iendeshe taratibu mpaka ipimwe, usiibebeshe mzigo. Inaweza ikawa solenoidi, inaweza ikawa klachi ya gia ya tatu imeshaliwa kidogo kipindi kile oili haipo. Mashine ikitoa namba ya kosa, ilete hapa.

DerevaWaMombo
Wakuu naomba niulize hapohapo. Nashuka Lushoto kuja Mombo kila wiki, automatiki. Wenzangu wanaweka N (gia huru) kwenye mteremko, wanasema inaokoa mafuta na kupumzisha giaboksi. Ni kweli?

MzeeWaKitonga
Acha kabisa. Ukiiacha kwenye gia na ukanyagio wa mafuta umeuachia, gari zinazopulizia mafuta kwa sindano za umeme zinayakata zenyewe. Ukiweka N injini inabidi ichome ili isizimike, kwa hiyo huokoi kitu. Na mzigo wote unauhamishia kwenye breki, kwenye zile kona unazijua wewe. Weka 2, ikizidi kukimbia weka L. Injini itanguruma, iache ingurume.

DerevaWaMombo
Na ya CVT isiyokuwa na 2?

SwahibaMvita
Tazama pembeni ya D, utaona S, B ama L. Ndiyo hiyo.