Mjadala: AC ya teksi Dar iwashwe kwa mafuta ya nani?

Mleta mada
Wadau, abiria anapanda teksi ya mtandao Posta saa nane mchana, jua la Februari, anaomba AC. Dereva anajibu "AC mbovu", au anataka aongezewe hela. Mimi nasema dereva ana hoja, ila uongo hapana. Kompresa, yaani pampu ya AC, inazungushwa na injini kwa mkanda, kwa hiyo baridi ile ni petroli. Idara ya Nishati ya Marekani inasema kwenye joto kali AC inaweza kupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa zaidi ya asilimia 25, hasa safari fupi. Na safari za teksi mjini nyingi ni fupi. AC iwe na bei yake, ionekane kabla mtu hajaita gari.

Abiria wa Tegeta
Napinga. Nimeacha bodaboda nikalipa zaidi ili iwe nini? Nikishusha vioo kwenye foleni ya Mwenge navuta moshi wa malori. Mwenye pumu afanyeje? Halafu vioo navyo si bure: ukienda Kibaha kwa mwendo wa 80 vyote viko chini, upepo unalivuta gari na mafuta yanaliwa vilevile.

Dereva
Dada yangu, Kibaha naenda kwa nadra. Kazi yangu ni foleni: gari limesimama, injini inaunguruma, kompresa inakula. Gari lenyewe la cc 1000, nikiwasha AC mlimani linazubaa kabisa. Mafuta najaza mimi, na jioni hesabu ya bosi iko palepale.

Mleta mada
Hoja ya pumu ni nzito, siibishii. Madereva, gari likikaa juani shusheni vioo, tembeeni dakika moja moto utoke, ndipo muwashe AC na kuzungusha hewa ya ndani; kupoza hewa iliyokwishapoa ni kazi ndogo kuliko kupoza ya nje. Msiiache hivyo safari nzima mkiwa watu wanne, hewa inachakaa na dereva anaanza kusinzia. Lakini hapo gharama imepungua tu, haijaisha, na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wanapopanga nauli waihesabu. Dada wa Tegeta, ukionyeshwa bei mbili kwenye simu, yenye AC na isiyo na AC, utalipa ya juu?

Abiria wa Tegeta
Nitalipa, mradi AC iwe inapoza kweli. Isipopoza nirudishiwe tofauti.