Rafiki anayenishikia kamba hayuko makini tena, nimwambieje?

KambaNaChaki:

Habari zenu wapanda miamba. Naomba mnisaidie, maana ni siku ya nne leo nalala usingizi wa mang'amung'amu kwa jambo hili.

Jumamosi tulikuwa kwenye miamba ya Lukenya, watu sita. Nyinyi mnaopanda huko mnajua mwendo wetu: matatu ya Machakos kabla hakujapambazuka, boda kutoka barabarani, ili uguse jiwe kabla jua halijalifanya kikaango. Nilikuwa naongoza, yaani napanda wa kwanza na kamba inatoka chini, kwenye ufa mmoja wa mwamba ambao nimeupanda mara nyingi hata mikono yangu inaujua. Nilishapachika chuma cha tatu cha kunasia kamba na kukipita kama mita moja na nusu. Nikaita "Vuta!" kwa sababu niliona kamba imelegea. Kimya. Nikaita tena. Mguu wa kulia ukateleza.

Kwa pale nilipokuwa, nilistahili kuanguka mita tatu, tatu na nusu kamba ikinyumbuka. Nilianguka zaidi ya sita. Kisigino cha kushoto kiligonga ukingo wa jiwe njiani. Niliposimama, nikining'inia, nilitazama chini nikamwona rafiki yangu, nitamwita K., ameikaza kamba kwa mikono yote miwili, uso umempauka. Miguuni pake, kwenye nyasi, simu yake ilikuwa imeangukia ubavu na mwanga wa kioo unamulika majani.

Alinishusha taratibu, akaniomba msamaha, akanivua kiatu mwenyewe na kunimwagia maji baridi kwenye kisigino. Hakuna aliyesema kitu. Tulikunywa chai, tukala chapati na mayai, tukarudi mjini.

Sasa sikilizeni kwa nini ni vigumu. K. ndiye aliyenifunza. Tulikutana 2018 kwenye ukumbi wa kupanda hapa Nairobi, mimi sijui hata hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, inavaliwa mbele au nyuma. Mpaka leo nikifunga fundo la nane nasikia sauti yake: pitisha, rudisha, fuata njia ileile, kaza nyuzi zote nne moja moja. Baba alipofariki 2021, K. alikuja mpaka kwetu Kitui, akabeba mitungi ya maji na kaka zangu siku mbili bila mtu kumwomba. Mama humwita mwanangu. Mkewe alipojifungua miezi minne iliyopita, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, kwa kuwa K. alikuwa barabarani na teksi yake usiku.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Mwezi uliopita nilikuta karabina yake, ile pete ya chuma inayoshika kifaa cha kamba, haijafungwa kufuli na mimi nimeshaondoka ardhini. Zamani alikuwa ananikagua kama mama anayempeleka mtoto shule: bizimu ya hanesi, fundo, kifaa cha kamba, kufuli. Siku hizi anasema tu "uko sawa" hata hajanitazama.

Nimwambieje bila yeye kusikia kwamba simwamini kama mtu? Maana namwamini. Pesa yangu, nyumba yangu, siri zangu ziko kwake. Kamba ndiyo naogopa. Jumamosi hii nimeshamwambia mguu bado unauma, siendi. Mguu umepona tangu jana.

---

Juu_kwa_Juu:

Dada, hapa hakuna la kujadili. Tafuta mtu mwingine akushikie. Mita sita si ajali, ni onyo. Urafiki endeleeni nao kwenye nyama choma.

---

Fundo8:

Pole sana dada. Nimefanya kazi ya kufundisha kwenye ukumbi miaka mitano na ninachokiona ni kwamba wageni hawatutishi sana. Mgeni anaogopa, kwa hiyo anakagua. Anayetutisha ni aliyezoea. Lynn Hill wa Marekani, wakati tayari ni miongoni mwa wapanda miamba bora duniani, mwaka 1989 kule Buoux, Ufaransa, alipitisha kamba kwenye hanesi yake, akakatizwa na jambo jingine, hakumalizia fundo. Akapanda mpaka juu. Alipoegemea nyuma ili ashushwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Mti ndio uliomwokoa. Miaka minne baadaye akaipanda Nose, njia maarufu kwenye ukuta wa El Capitan huko Marekani, kwa mikono na miguu tu, bila kuvuta chuma hata kimoja, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelifanya. Mtu wa namna hiyo alisahau fundo. Kwa hiyo unaweza kuanza mazungumzo na K. kutoka hapo, kwamba kusahau hakuna uhusiano na ujuzi.

Mambo mawili ya vitendo. Kama mnatumia kile kifaa cha kawaida cha matundu mawili, fikirieni kuhamia GriGri au kingine kinachobana chenyewe kamba ikikimbia. Lakini tafadhali, hicho kifaa hakivuti kamba iliyolegea. Uliyoyapata Jumamosi ungeyapata hata kwa GriGri. La pili, mtu wa tatu akae nyuma ya mshika kamba na kushika ule mkia wa kamba unaotoka mkononi mwake. Sisi tunawafanyia hivyo wanaojifunza, na hakuna aibu kumfanyia mzoefu aliyechoka.

---

Mpagazi_Moshi:

Shikamooni wakubwa, nawasalimu kutoka Moshi. Mimi sipandi miamba kwa kamba, ninaongoza wageni Kilimanjaro, ila nimesoma habari hii mara mbili na kuna kitu kinanikaa.

Dada umesema mtoto wa miezi minne. Umesema teksi usiku. Umesema mnaondoka kabla hakujapambazuka. Huyu kaka analala saa ngapi?

Sisi kule juu, jioni tunamuuliza mgeni amekula nini, kichwa kinauma, amelala vipi. Tunamuuliza na mpagazi pia, japo wengine hawafanyi. Mtu asiyelala haonekani kama mgonjwa. Anaongea vizuri, anacheka, halafu unamwambia funga zipu ya hema na anakutazama tu. Niliwahi kufanya kazi na mwenzangu aliyekuwa anatoka kwenye zamu ya ulinzi moja kwa moja kuja mlimani. Siku moja alisahau begi la dawa za kikundi kizima kambini. Mtu makini kuliko wote niliowajua.

Sisemi umruhusu akushikie. Nasema kabla hujamuuliza kuhusu simu, muulize kuhusu usingizi.

---

Mzee_wa_Nyufa:

Mwanangu, pole na kisigino. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuandika vizuri, na habari hii imenigusa kwenye kidonda changu.

Mimi ndiye niliyekuwa K.

Nilianza kupanda kwenye hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, mwaka 1986, nikiwa na mwenzangu tuliyesoma naye. Hatukuwa na vitu. Kamba moja, tuliyoachiwa na Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao, na viatu vya raba tulivyopokezana: anayeshuka anavua, anayepanda anavaa. Tulianzia Fischer's Tower, ule mnara wa mita 25 karibu na lango la Elsa, kisha tukahamia kwenye ukuta mkubwa. Miaka kumi hivi hakuna mtu mwingine aliyenishikia kamba zaidi yake.

Mwaka 1996 nilipoteza kazi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu nilimwachia aone mwenyewe. Niliendelea kwenda mwambani kila wiki kwa sababu ndiko kulikokuwa kumebaki mahali ambapo mimi ni mtu. Lakini mwili ulikuwa pale na akili iko kwenye kodi ya nyumba. Nilimwachia kamba ikalegea mara moja, mara mbili. Siku ya tatu tulifika chini ya ukuta, akafunga fundo lake, akanitazama, akalifungua. Akasema, "Leo hunishiki." Basi. Akakaa juu ya jiwe na kunimiminia chai.

Nilikasirika, mwanangu. Niliona amenivua nguo hadharani, na hapakuwa na mtu ila sisi na pimbi kwenye majabali. Niliacha chai pale, nikatembea peke yangu mpaka langoni kwenye vumbi. Wiki tatu hatukusemezana. Ya nne alikuja nyumbani jioni, hakutaja kamba wala mwamba, akauliza tu, "Kuna nini?" Ndipo nikamwambia ya kazi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

Alifariki 2016. Katika miaka thelathini ile alinidanganya mambo mengi madogo ya kibinadamu, kwamba amelipa deni wakati hajalipa, kwamba yuko njiani na bado anaoga. Kuhusu kamba hakunidanganya hata siku moja. Ndiyo maana hiyo habari ya mguu kuuma imeniuma kuliko ile ya mita sita. Usimwambie tena hivyo.

Kuna kisa cha Mlima Kenya ambacho wazee wa chama cha wapanda milima walikuwa wakitusimulia. Septemba 1970, Waaustria wawili, madaktari, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na Batian, kilele kirefu kuliko vyote cha mlima huo, juu ya mita 5,000. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika mfupa ukatoka nje. Oelz alishuka kutafuta msaada, na kushuka Batian peke yako si mchezo, kisha akapanda tena kumpelekea dawa. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki. Walikwenda watu wa hapa Kenya, na baba yake Judmaier akaleta waokoaji kutoka Innsbruck, Austria. Rubani wa Kimarekani aliyejitolea kusaidia kwa helikopta alianguka nayo akafa. Judmaier aliishi. Nikiwa kijana nilikisikia kisa kile nikafikiri kinahusu ushujaa. Siku hizi nafikiria ile saa ambayo Oelz alilazimika kumtazama mwenzake machoni na kumwambia ukweli: siwezi kukushusha peke yangu, inabidi nikuache hapa niende.

Mwambie ana kwa ana, si kwa simu, na si chini ya mwamba kama alivyonifanyia mwenzangu. Nenda kwake. Huyu bwana wa Moshi amekuonyesha mlango.

---

Juu_kwa_Juu:

Mzee, heshima yako. Nilijibu haraka.

---

KambaNaChaki:

Nimerudi. Zimepita wiki mbili, na niliwaahidi kimoyomoyo kwamba sitaandika mpaka niwe nimekwenda.

Nilikwenda Jumapili jioni. Nilibeba ndizi na paketi ya nepi. Mkewe alikuwa amelala, K. amemweka mtoto begani anatembea naye sebuleni, kutoka mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Nilipomwona vile, maneno yote yakayeyuka. Nikamuuliza nilivyoelekezwa na kaka wa Moshi: "Unalala saa ngapi?"

Hakujibu moja kwa moja. Alifika dirishani akageuka, akasema, "Tangu lini?"

Nikamwambia. Nilisema: mguu wangu haukuwa unauma ile Jumamosi, nilikudanganya kwa sababu niliogopa kamba ikiwa mkononi mwako. Nilisema pia ile karabina ya mwezi uliopita. Sauti ilikuwa inanitetemeka. Aliendelea kutembea na mtoto, na nilidhani ananifukuza kimyakimya. Kisha akakaa kwenye kiti, akasema kwamba tangu siku ile anaota nikianguka na kamba haifiki mwisho. Kwamba ile simu ilikuwa abiria wa safari ya uwanja wa ndege, pesa ambayo alikuwa ameihesabia kodi. Kwamba alikuwa anaendesha mpaka saa tisa usiku, anapitia nyumbani kubadilisha nguo, anakuja stendi kukutana nasi. Nikamuuliza kwa nini asingesema tu hawezi kuja. Akasema, "Na ningewaona lini?"

Mzee wangu, niliposikia hilo nilikumbuka ulivyoandika, kwamba mwambani ndiko kulikobaki mahali ambapo wewe ni mtu.

Tumekubaliana hivi. Anakuja akiweza, hata akiwa hajalala, lakini siku hizo hashiki kamba ya mtu wala haongozi. Na safari yetu sasa inaanza saa tatu asubuhi. Wengine wanalalamikia jua, ila tumepata upande wenye kivuli mpaka adhuhuri. Simu zote sita zinakaa ndani ya begi moja mpaka tumalize. Hilo alilipendekeza yeye.

Jumamosi iliyopita alikuja na macho mekundu. Aliyenishikia alikuwa mwenzetu mwingine, na mtu wa tatu nyuma yake kwenye mkia wa kamba, kama alivyosema Fundo8. K. alikuwa amelala chali chini ya mti, kofia usoni, nikajua amezama usingizini. Nilifunga fundo langu, nikakaguliwa, nikaweka chaki mikononi. Nikasikia hatua kwenye nyasi. Alikuja bila viatu, akashika fundo langu, akavuta uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akagusa bizimu ya hanesi, akamgeukia mwenzetu akabonyeza kufuli ya karabina yake kwa kidole gumba.

"Uko sawa," akasema, akarudi kulala.